Kibomba Kisicho na Kazi

Fundi alikipokea kile kibomba, akachungulia jua kupitia tundu lake, akakipima uzito kiganjani, akanirudishia.

"Hiki hakina kazi, Mwalimu. Tupa tu."

Kisha akainama na kuendelea kugonga beringi mpya kwenye tairi la nyuma la pikipiki yangu. Tulikuwa Mkolani, chini ya mti, kando ya barabara kuu. Nyuma yangu vijana wa boda walikuwa wanasubiri zamu yao, wakitazama saa kwenye simu kwa wasiwasi wa hesabu ya jioni. Haikuwa saa ya kubishana. Nikakitia kibomba mfukoni.

Beringi ile haikuwa ya kwanza. Tangu pikipiki iingie mikononi mwangu, tairi la nyuma lilikuwa likizitafuna, na kila moja ikifa nilipewa sababu yake. Spea za siku hizi feki. Mwalimu unapakia mizigo. Njia ya kwenu huko juu mawe matupu. Zote zilikuwa na ukweli ndani yake, na mtu anayeishi kilimani hapa Mwanza hana la kujibu akitajiwa mawe.

Lakini neno lile lilinikaa. Wiki zikapita, nikiwa darasani lipo, nikiwa kwenye foleni ya Buhongwa lipo.

Nani akae kiwandani akate bomba la chuma, alisawazishe ncha zote mbili mpaka ziwe laini kabisa, halafu lisiwe na kazi?

## Mfuko wa rambo

Wanaonunua pikipiki mkononi wanajua: unapewa kadi, unapewa ufunguo, na ukiwa na bahati unapewa na mfuko. Aliyeniuzia, dereva wa boda aliyekuwa anahamia kwenye bajaji, alinipa rambo lililofungwa fundo. "Vya pikipiki hivyo, kaka, usivitupe." Nilipomuuliza ni vya wapi, akacheka. Na yeye alipewa hivyohivyo.

Ndani mlikuwa na washa za kila saizi, springi ya stendi, kipande cha cheni, plagi iliyochoka, raba zilizokakamaa, na kibomba.

Rambo lenyewe lilinitia mawazo. Mifuko ile ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Haithibitishi kitu, maana nyumba nyingi bado zina rambo la zamani limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Lakini nilipenda kuamini kwamba fundo lile lilifungwa kabla ya marufuku, na kwamba pikipiki ilikuwa ikitembea miaka yote hiyo imepungukiwa. (Ndani ya kila mwalimu kuna mpelelezi aliyekosa ajira.)

Pikipiki yenyewe ni ya Kichina, ya ukoo ule ambao wauza spea mjini wanauita CG, kwa sababu asili yake ni Honda CG125 iliyotoka miaka ya 1970. Majina ubavuni mwa tenki ni mengi, maumbile ni yaleyale. Kwa hiyo nilijua kwamba kibomba changu kina wenzake wengi sana barabarani, na kila mmoja amekaa mahali palepale. Kilichobaki ni kujua wapi.

## Ncha zinazong'aa

Jioni moja nilikiosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikakaa nacho kwenye mwanga.

Nje, ubavuni, kilikuwa na kutu nyembamba ya kahawia, sawasawa mwili mzima, bila mchubuko hata mmoja. Chuma kinachosuguana na chuma kingine hakiwezi kuwa na kutu iliyotulia namna hiyo. Basi ubavu wake haukugusa kitu. Ndani ya tundu kulikuwa na mikwaruzo myembamba iliyokwenda kwa urefu. Kitu kirefu kilikuwa kikiingizwa na kuchomolewa humo. Na ncha zote mbili ziling'aa, ila si uso wote: ni ringi nyembamba tu, kama imebanwa kwa nguvu na kwa muda mrefu na kitu cha duara. Pembeni ya ile ringi palikuwa na grisi nyeusi iliyokauka.

Kimebanwa ncha kwa ncha. Hakijaguswa ubavuni. Kuna kitu kirefu kinapita katikati yake, na grisi iko jirani.

Hilo bado halikuwa jawabu. Ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma umefungwa kwenye chesisi kwa bolti ndefu. Tairi la mbele lina ekseli, ile nondo linalozungukia. Hata stendi kubwa ina bushi yake. Nilianza na stendi kwa kuwa ndiyo nyepesi kufungua. Kibomba kilikuwa kirefu mno. Bolti ya ule mkono wa nyuma ilikuwa nyembamba kuliko tundu, ingecheza ndani. Ekseli ya mbele vilevile.

Ikabaki ekseli ya nyuma. Lakini tairi la nyuma fundi alikuwa amelifunga mbele ya macho yangu, bila kibomba, na likazunguka.

Hilo ndilo lililonichanganya. Lilizunguka.

## Maji hayachagui upande

Jirani yangu ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kuchambua pamba, enzi vinu vya mkoa huu vinanguruma. Kwake mtu haendi na swali moja akatoka mapema, kwa hiyo nilichagua Jumapili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umeleta nini?"

Nikamweleza habari ya beringi kwanza. Kibomba nilikiacha mfukoni, nione atasemaje. Akasema kile ambacho wengi wangesema: aliyekuuzia alikuwa anaosha pikipiki ziwani. Na kweli, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini nenda asubuhi kwenye mwalo wowote uone boda zilivyosimama majini hadi kwenye ekseli, vijana wakizisugua kwa povu. Maji yakiingia kwenye habu, kile kitovu cha tairi, hayatoki. Grisi inageuka uji, gololi zinashika kutu, kwisha.

Nilikuwa karibu kukubali. Maelezo yalikuwa mazuri, na yaliniondolea kazi ya kufikiri.

"Unazo zilizokufa?" akauliza.

Ninazo. Situpi kitu. Akachukua moja, akaifunga kwa tambara ili vipande visituruke machoni, akaiweka juu ya kipande cha reli anachotumia kama fuawe, akaipiga nyundo moja tu. Ikapasuka. Akaokota ringi ya ndani, ile inayovaa ekseli, akaipangusa na kunipa.

Beringi ya gololi ina mfereji unaozunguka, na gololi zinatembea katikati ya mfereji ule. Zikichakaa kwa haki, njia yao inaonekana katikati. Kwenye ringi niliyoshika, njia ilikuwa imepanda upande mmoja, karibu na ukingo, na hapo chuma kilikuwa kimemeguka vijipande vidogovidogo. Grisi ilikuwa nyeusi kwa kuungua. Kutu haikuwepo.

"Maji hayachagui upande," mzee akasema. "Hii imesukumwa."

"Na nini?"

"Wewe ndiye mwalimu wa fizikia."

Nikatoa kibomba. Alikitazama, hakukigusa, akaniangalia kwa macho ya mtu aliyefichwa jambo tangu mwanzo. Halafu akainuka kwenda kutafuta chai.

## Nguvu inapita wapi

Tairi la nyuma la pikipiki hizi lina habu, na ndani ya habu mna beringi mbili, moja kila upande. Ekseli inapita katikati ya zote. Ukikaza nati ya ekseli, unabana mkono wa kushoto na mkono wa kulia uelekee katikati. Nguvu hiyo lazima ipite mahali. Inatoka kwenye mkono wa chuma, inaingia kwenye bushi ya nje, inagusa ringi ya ndani ya beringi ya kwanza. Baada ya hapo?

Kama kuna kibomba kati ya beringi mbili, nguvu inapita ndani yake mpaka ringi ya beringi ya pili, bushi ya upande wa pili, mkono wa pili. Msururu mzima wa chuma umebanana na hautikisiki. Ringi za ndani zimesimama pamoja na ekseli, ringi za nje zinazunguka na tairi, gololi katikati zinatembea bila kusukumwa na mtu. Unaweza kukaza nati mpaka mishipa ikutoke na beringi haitajua.

Kama kibomba hakipo, ringi za ndani zinasukumwa kuelekeana, na kitu pekee cha kuzizuia ni gololi zenyewe. Zinapanda ukingo wa mfereji. Beringi za namna hii zimetengenezwa kubeba uzito unaotoka juu kwenda chini. Msukumo wa ubavuni zinauvumilia kwa kiasi tu, na nati ya ekseli haijui kiasi.

Sasa ile "lilizunguka" ikaeleweka. Nilikumbuka jinsi fundi alivyofunga: alikaza nati huku akizungusha tairi kwa mkono wa pili, akakaza, akakaza, tairi likaanza kugoma, akarudisha nyuma kidogo. "Hii pikipiki yako haitaki kukazwa sana," aliniambia. Alikuwa amelihisi tatizo kabisa kwa mikono yake. Alilichukulia kuwa ni tabia ya pikipiki.

## Waya

Usiku ule nikakumbuka jambo jingine.

Siku ya kwanza niliyoipeleka pikipiki kwake, nati ya ekseli ya nyuma ilikuwa imefungwa kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko kadhaa, ncha zimesokotwa. Fundi aliukata waya ule kwa koleo akautupa, akakaza nati kama inavyopaswa. Wote wawili tulimcheka mmiliki wa zamani.

Waya ule haukuwa uzembe. Mtu aliyeufunga alikuwa amegundua kwamba akikaza nati beringi zinakufa, na akilegeza, nati inafunguka yenyewe njiani. Akachagua kulegeza na kuizuia isidondoke. Hakujua sababu, lakini alijua dawa, na huenda aliishi nayo kwa muda mrefu akitafuta hesabu yake kila siku. Sisi tulipoukata waya ndipo beringi zilipoanza kufa kwa kasi.

Nililala nikiwaza hatari ya jambo hili. Nati ya ekseli ya nyuma, kwenye pikipiki inayobeba abiria na gunia la dagaa, imeshikwa na waya.

## Venia ya kidato cha kwanza

Shuleni tuna venia kalipa chache, zile tunazofundishia vipimo kidato cha kwanza. Wanafunzi wanazichukia. Wanapima nazo penseli na sarafu, wanaandika jibu, hawaoni maana. Niliazima moja kwa ruhusa ya mkuu wa maabara, nikashusha tairi nyumbani, nikatoa beringi.

Beringi za nyuma kwangu zimeandikwa 6202. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotaja tundu, kwa utaratibu ambao hauna mantiki mpaka uuzoee: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Kwa hiyo 6202 inavaa ekseli ya milimita 15. Tundu la kibomba lilizidi 15 kidogo tu, kiasi cha ekseli kupita bila kulazimishwa. Nikaweka ncha ya kibomba juu ya ringi ya ndani ya beringi. Ile ringi iliyong'aa ikalala juu ya ringi ya beringi, duara kwa duara.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini urefu ndio unaoamua. Kibomba kikiwa kifupi kuliko nafasi iliyopo kati ya makalio mawili ya beringi, pale zinapokaa ndani ya habu, hakisaidii kitu. Gololi zitabanwa kabla chenyewe hakijabanwa. Nikapima upana wa habu, nikatoa kina cha kila upande kwa ule mkia mwembamba wa venia. Nikarudia, kwa kuwa mkono ulikuwa unatetemeka kidogo, na siyo kwa baridi.

Nafasi: milimita 73.2.

Kibomba: 73.4.

Kimezidi kwa unywele, kama inavyotakiwa. Nikaenda pia mtandaoni kutazama mchoro wa habu ya nyuma ya CG, na pale katikati, kati ya beringi na beringi, kilikuwepo. Kina namba yake ya spea kama vitu vingine vyote.

## Kukirudisha

Kurudi kwa fundi kulinitia shaka kuliko kazi yenyewe. Ningeweza kufunga mwenyewe, lakini nilitaka aone. Wakati huohuo, mtu huendi kijiweni kwa mtu, mbele ya wateja wake, ukamfundisha kazi anayolishia watoto. Nilikwenda mapema, kabla vijana hawajajaa, nikabeba tairi, beringi mpya na kibomba.

"Fundi, nisaidie kitu. Tujaribu kufunga na hiki ndani, nione kama nimeota."

Akanitazama. Akatazama kibomba. Akavuta kigoda.

Kazi yenyewe ni fupi ukijua mpangilio. Beringi ya kwanza inapigwa mpaka ikae kwenye kalio lake, na unaigonga kwa soketi inayolingana na ringi ya nje. Ukigonga ringi ya ndani unaiua ukiwa bado hujaiwasha pikipiki. Unageuza habu. Unatia grisi. Unadondosha kibomba ndani, unapitisha ekseli ili kikae katikati, kwa sababu kikikaa kimshazari ekseli haitapita na utafungua upya. Halafu beringi ya pili, polepole, ukisikiliza. Mlio wa soketi unabadilika beringi inapokutana na kibomba, unakuwa mkavu. Hapo unaacha. Kibomba kikisukumwa kwa kidole kinapaswa kusogea kwa shida kidogo. Kisiposogea hata chembe, umepiga mno.

Tairi likarudi mahali pake, cheni bado haijafungwa, breki imelegezwa, ili kitu kingine chochote kisitudanganye. Akakaza nati huku akizungusha kwa mkono wa pili kama kawaida yake. Akakaza. Akasubiri ligome.

Halikugoma.

Akaegemea spana kwa uzito wa mwili wake wote. Tairi likaendelea kuzunguka. Akaachia, likazunguka mpaka lilipochoka lenyewe.

"Ngosha," akasema, si kwangu hasa, "hizi nimezitupa ngapi?"

## Hesabu ya jioni

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza kibomba kilifikaje kwenye rambo, na sidhani kuna aliyekitoa makusudi.

Tazama mpangilio wenyewe. Kibomba lazima kiingie kabla ya beringi ya pili. Ukikisahau na ukagundua beringi ya pili imeshakaa, njia ya kurudi ni moja tu: kuing'oa kwa kuigonga kutoka ndani, na beringi iliyong'olewa hivyo mara nyingi haifai tena. Unatakiwa umwambie mteja anunue nyingine, au uinunue kutoka kwenye ujira wako, ambao kwa kazi ya tairi moja ni mdogo. Mteja amesimama pembeni. Pikipiki si yake, ni ya tajiri, na jioni tajiri anataka hesabu kamili, awe amefanya kazi siku nzima au nusu. Unazungusha tairi. Linazunguka. Unashika kibomba mkononi.

Ukisema hakina kazi, watu wote waliopo pale wanapona kwa siku ile.

Sipendi hitimisho hili, kwa sababu linamwacha mtu wa kulaumiwa bila jina. Nilipoanza nilitaka sana kumpata. Fundi wa kwanza, labda hapa mjini, labda Geita, labda Musoma, alifanya jambo lililowagharimu watu wengine wasiojuana naye: mwenye waya, aliyeniuzia, mimi, na yeyote aliyepakiwa nyuma. Lakini nikijaribu kumweka pale mbele ya mteja mwenye haraka, na beringi moja tu dukani, naona ni vigumu kumtaka afanye vingine. Naona pia kwamba sijamsamehe. Nimepita daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, upepo wa ziwa ukinipiga ubavuni na lori nyuma yangu, nikiwa sijui nati yangu imekazwa kiasi gani. Mambo yote mawili ninayo, hayajapatana.

Juzi kijana mmoja, mwalimu mwenzangu mpya hapa shuleni, aliniomba nimsindikize Igoma kuangalia pikipiki iliyokuwa inauzwa. Ilikuwa safi, imeng'arishwa, injini inaunguruma vizuri. Nikaomba spana. Nilitaka jambo dogo: tuiweke stendi kubwa, tulegeze cheni na breki, tukaze nati ya ekseli ya nyuma sawasawa, tuzungushe tairi. Dakika chache tu, na hakuna kinachoharibika.

Muuzaji akasema pikipiki haiguswi mpaka ilipwe.

Nikainama kuitazama nati kwa macho. Ilikuwa na waya.

Kijana bado anatafuta pikipiki. Anayejua yenye bei isiyozidi milioni moja na nusu, na mwenyewe haogopi spana, aniandikie.